Ardhi yako Texas imo kwenye eneo la shirika la maji lakini bomba halijafika: ubaki au uitoe?

Watu wetu walioko Houston, Dallas na San Antonio wananunua ardhi nje ya mji. Mmoja anataka ekari kumi afuge mbuzi na apande sukuma wiki, wengine wanachanga kwenye chama wanunue ekari thelathini wazigawe viwanja. Bei inavutia, barabara ipo, nguzo za umeme zinaonekana. Suala la maji linaibuka baada ya kusaini. Ardhi imo ndani ya eneo la shirika fulani la maji, shirika hilo halina bomba karibu, na shirika jingine lenye bomba ng'ambo ya barabara haliruhusiwi kukuhudumia. Wapo pia wanaolipia kodi ya wilaya ya maji mwaka hadi mwaka na hawajaona hata tone.

Sheria za Texas zinatoa njia za kuitoa ardhi ya namna hiyo. Shida ni kwamba njia zenyewe ni kadhaa, masharti yake yanafanana kwa mbali, na ukikosea ya kuchagua unapoteza miezi na pesa za wakili. Hapa chini nimezilinganisha njia tano kwa vigezo vilevile. Mimi si wakili. Lengo ni uende kwa wakili ukijua unachotaka, maana saa yake moja ni ghali.

Kwanza, umefungwa na mstari upi?

Kuna mistari miwili kwenye ramani na watu huichanganya.

Mstari wa kwanza ni wa huduma. Tume ya Huduma za Umma ya Texas, PUC, hutoa cheti kinachojulikana kwa herufi CCN. Mwenye cheti ana haki ya pekee ya kuuza maji au kuhudumia majitaka ndani ya eneo lililochorwa, na kwa upande wa pili ana wajibu wa kutoa huduma ya kutosha isiyokatika kwa walio ndani yake. Kazi hii zamani ilikuwa ya TCEQ, mamlaka ya mazingira ya jimbo, ikahamia PUC tarehe 1 Septemba 2014. Ukiona karatasi za zamani zinazotaja TCEQ kwenye mambo ya vyeti, ndiyo sababu.

Mstari wa pili ni wa kodi. Wilaya ya maji ni chombo cha umma chenye bodi yake, kinachoweza kukopa kwa hatifungani na kutoza kodi ya ardhi kulipa deni hilo. Lakini si kila chombo chenye neno "maji" kwenye jina lake kina mamlaka hayo. MUD (wilaya ya huduma za manispaa), WCID (wilaya ya kudhibiti na kuboresha maji) na FWSD (wilaya ya maji safi) zinaweza kutoza kodi. SUD (wilaya za huduma maalumu) haziwezi. WSC, yaani shirika la kusambaza maji, si wilaya kabisa. Ni ushirika usio wa faida, wateja wake ndio wanachama, na hauna uwezo wa kukutoza kodi hata senti.

Chukua bili yako ya kodi ya ardhi uisome mstari kwa mstari. Utaona kaunti, utaona wilaya ya shule, ambayo kwa kawaida ndiyo inayokula zaidi. Kama kuna mstari wenye MUD au WCID na namba mbele yake, umo kwenye mstari wa kodi. Kiwango huandikwa kwa kila dola 100 za thamani: ardhi ya dola 300,000 kwa kiwango cha senti 80 inatoa dola 2,400 kwa mwaka. Kama mstari huo haupo, fungua ramani ya vyeti ya PUC mtandaoni, tafuta kipande chako, uangalie kama kimefunikwa na rangi ya shirika lolote. Unaweza kuwa ndani ya mmoja, ndani ya yote miwili, au nje kabisa.

Na hata kabla ya hapo, fungua bahasha ya karatasi ulizopewa wakati wa kununua. Sheria inamtaka muuzaji ampe mnunuzi notisi kama ardhi imo kwenye wilaya inayotoza kodi, ikionyesha kiwango cha kodi na hatifungani. Kuna notisi nyingine, ya eneo la cheti, inayosema waziwazi kwamba huenda kukawa na gharama za ziada na ucheleweshaji kabla ya kupata maji. Wengi huzisaini zikiwa katikati ya rundo bila kuzisoma.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo haya: sharti la kuingia, ukubwa wa ardhi ukiwemo, muda, pesa, nani atakupinga, na maji yatatoka wapi baada ya hapo. Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kutolewa kwenye eneo la shirika hakukuletei bomba. Kunaondoa kizuizi tu. Mtu aliyetoka bila kujua nani atamhudumia anabaki na ardhi kavu ileile, safari hii bila hata wa kumdai.

Njia ya 1: kubaki na kudai huduma

*Sharti.* Hakuna kiwango cha ekari. Unaandika ombi la huduma kwa shirika lenye cheti. Kwa nyumba moja ni ombi la kawaida. Kwa viwanja vingi au biashara ni ombi lisilo la kawaida, na utaambiwa ulipie upembuzi yakinifu ufanywe na mhandisi wao.

*Muda.* Unategemea shirika. WSC ndogo ya vijijini inaweza kuwa na mhandisi mmoja wa mkataba na bodi inayokutana mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hata jibu la "tumepokea" linaweza kungoja kikao.

*Pesa.* Hapa ndipo watu wanapokasirika, na mara nyingi bila kuelewa kwa nini. Bomba la WSC linapita mbele ya shamba lako, unaliona, halafu unaambiwa ujenge bomba jipya kwa mamilioni. Si lazima iwe hila. Kanuni za TCEQ zinaweka kikomo cha wateja kwa unene wa bomba: la inchi 2 wateja 10, la inchi 3 wateja 50, la inchi 4 wateja 100, la inchi 6 wateja 250. Mifumo ya visima yenye wateja zaidi ya hamsini inatakiwa pia iwe na uwezo wa kuzalisha galoni 0.6 kwa dakika kwa kila mteja, na galoni 200 za hifadhi kwa kila mteja. Ukija na viwanja 40 kwenye bomba la inchi 2 ambalo tayari lina wateja wanane, hesabu inakukataa kabla ya bodi kukukataa. Omba wakuonyeshe namba hizo. Kama ni WSC na unaona kiasi unachotozwa (nje ya ada ya kawaida ya uanachama na ya kuunganishiwa) hakistahili, una siku 90 za kukata rufaa PUC tangu upewe uamuzi.

*Upinzani.* Mdogo. Nyote mnataka kitu kimoja, mnavutana kwenye bei tu.

*Maji baadaye.* Yanatoka kwa mtu anayejulikana, mwenye wajibu wa kisheria. Upungufu mkubwa ni zimamoto: mabomba mengi ya vijijini ni membamba kiasi kwamba hayawezi kutoa maji ya kuzima moto, na mji au benki inaweza kulidai hilo kabla ya kuidhinisha mradi wa nyumba. Hii ni moja ya sababu kubwa zinazowafanya waendelezaji watake kutoka.

*Inamfaa* mwenye nyumba moja au mbili, au aliye karibu na bomba nene. Inamfaa pia asiye na haraka.

Njia ya 2: kuachiliwa haraka kwa ardhi ya ekari 25 na zaidi

Njia hii iliingia kwenye sheria mwaka 2011, na leo imo kwenye kifungu cha 13.2541 cha Sheria ya Maji ya Texas. Mashirika ya vijijini hayaipendi hata kidogo. Waendelezaji wanaiona mkombozi.

*Sharti.* Mambo matatu. Kipande kiwe na angalau ekari 25. Kiwe hakipokei huduma ya maji au ya majitaka ya cheti unachotaka kutolewa. Na kiwe kwenye kaunti inayostahili: kwa jumla ni kaunti zenye watu wengi sana, kama Harris, Dallas, Tarrant, Bexar na Travis, na zile zinazopakana nazo, pamoja na nyingine chache ambazo sheria imezielezea kwa idadi ya watu. Huhitaji kuonyesha kwamba shirika limeshindwa kukuhudumia. Huhitaji hata kuwa umewahi kuomba maji.

Sharti la pili ndilo linalozua kesi. Nini maana ya "kupokea huduma"? Tuseme kando ya uzio kuna boksi la mita, mfuniko umezama kwenye nyasi, na zamani palikuwa na birika la ng'ombe. Shirika litasema: mnaona, tunahudumia hapa. Mahakama ya Rufaa ya Austin iliamua mwaka 2014, kwenye kesi ya Ofisi ya Ardhi ya jimbo na Crystal Clear Water Supply Corporation, kwamba kuwepo kwa mabomba karibu au hata ndani ya ardhi si hoja ya kutosha. Kinachotazamwa ni kama miundombinu hiyo imetengwa au inatumika kuhudumia kipande hicho hasa. Kama mita inafanya kazi kweli na kuna nyumba inayotumia maji, watu hufanya jambo moja: wanapima upya na kuacha nje ya ombi ile kona yenye mita, kisha wanaomba sehemu iliyobaki. Hakikisha tu kilichobaki hakijashuka chini ya ekari 25.

*Muda.* PUC inatakiwa kulikubali ombi ndani ya siku 60 tangu lihesabiwe limekamilika. Hilo neno "limekamilika" libebe kwa uzito wake. Ombi linataka hati ya kiapo, hati ya umiliki, ramani zinazosomeka na vipimo vya mpimaji, na uthibitisho kwamba nakala imetumwa kwa shirika kwa barua ya rejesta. Ramani ikiwa na kasoro, unarudishwa, na siku 60 hazijaanza kuhesabiwa.

*Pesa.* Wakili, mpimaji, na fidia. PUC inaweza kukuamuru ulilipe shirika fidia kwa kile linachopoteza: sehemu ya deni inayohusu eneo lako, gharama za michoro na mipango, vifaa vilivyojengwa kwa ajili yako, na ada halali za kisheria. Mkikubaliana mthamini mmoja wa kujitegemea, vizuri. Mkishindwa, kila upande unaleta wake kwa gharama yake, PUC inateua wa tatu, na malipo ya huyo wa tatu yanagawanywa nusu kwa nusu. Kwenye shamba tupu ambalo shirika halijawahi kulifanyia chochote, kiasi kinaweza kuwa kidogo sana au hakipo. Ila usikiweke sifuri kwenye bajeti yako. Na mhudumu mpya haruhusiwi kuanza kuuza maji pale kabla fidia haijalipwa.

*Upinzani.* Mkubwa, hasa kama shirika lina mkopo wa serikali kuu. Nitalirudia mbele.

*Maji baadaye.* PUC haikupi mhudumu mpya. Unatafuta mwenyewe: mji wa jirani, MUD unayoianzisha, au shirika jingine linaloomba cheti cha eneo hilo.

*Inamfaa* chama au kampuni yenye ardhi kubwa karibu na miji mikuu, ambayo tayari ina barua ya mji au mhudumu mwingine inayosema "tukiachiwa, tutahudumia".

Njia ya 3: ombi la ekari 50 na zaidi

Hii ilitangulia, ilianza mwaka 2005. Haibagui kaunti, na ndiyo sababu bado inatumika: aliye mbali na miji mikuu hana njia ya 2.

*Sharti.* Angalau ekari 50, zisizokuwa kwenye viwanja vilivyopimwa ambavyo tayari vinapata huduma. Hapa lazima uwe umeomba kwanza. Unaliandikia shirika ombi linaloeleza eneo, wakati unaotaka maji, kiwango cha huduma na gharama ya mhudumu mbadala, kisha unalipatia shirika angalau siku 90 lijibu. Baada ya hapo uonyeshe kwamba limekataa, au haliwezi kutoa huduma hiyo kwa wakati na kiwango kinachohitajika, au linakutwisha gharama ambazo si za ombi lako. Na uonyeshe kwamba mhudumu mbadala yupo na anaweza.

*Muda.* Siku 90 za kusubiri, halafu 60 za PUC tangu ombi likamilike. Weka na miezi ya maandalizi.

*Pesa.* Kama njia ya 2, ongeza mhandisi wa kuthibitisha uwezo wa pande zote mbili.

*Upinzani.* Wa hoja kwa hoja, kwa sababu shirika lina nafasi ya kuthibitisha kwamba linaweza. Kuna na vizuizi vya ziada pale mwenye cheti akiwa jiji kubwa.

*Maji baadaye.* Hapa njia hii inaishinda ya 2. Sharti lenyewe linakulazimisha umpate mhudumu kabla ya kutoka.

*Inamfaa* mwenye ardhi kubwa kaunti za mbali, mvumilivu, aliye na kumbukumbu za maandishi. Kama mazungumzo yote na shirika yalikuwa ya simu, anza upya kwa barua.

Njia ya 4: kutolewa kwenye mipaka ya wilaya inayotoza kodi

Mbili zilizotangulia zinafuta mstari wa huduma. Hii inafuta mstari wa kodi. Kulipata moja si kulipata la pili.

*Sharti.* Unaiomba bodi ya wilaya, si PUC. Sura ya 49 ya Sheria ya Maji inataja sababu zinazokubalika: kwamba kuibakiza ardhi ndani ni kuitwisha mzigo wa kodi usio wa haki unaoharibu thamani yake, kwamba kuihudumia ni mzigo usio wa kiuchumi kwa wilaya nzima, au kwamba ardhi haiwezi kufaidika na maji, majitaka au kinga ya mafuriko inayotolewa na wilaya. Bodi inasikiliza kwenye kikao cha hadhara.

*Muda na pesa.* Yote yanategemea kama wilaya imeshakopa. Wilaya changa ambayo haijaitisha kura ya hatifungani za kodi inaweza kukusikiliza vizuri, na ndiyo nafasi ambayo sheria imeitengeneza kwa ajili ya kutoa ardhi. Ikishauza hatifungani, ardhi yako ni sehemu ya dhamana ya wakopeshaji, na milango inabana sana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe hili: wilaya ina deni gani, la lini, na nikitoka natoka na sehemu gani ya deni hilo?

*Upinzani.* Bodi na majirani. Ukitoka, kodi yako inagawanywa kwa waliobaki. Usishangae kikao kikiwa na watu wengi kuliko kawaida.

*Maji baadaye.* Hakuna. Kama ulikuwa unangoja bomba la wilaya, umeliaga. Kwa ardhi ya malisho au msitu hilo si tatizo.

*Inamfaa* anayetozwa kwa ajili ya huduma ambayo kwa jiografia haitafika: ng'ambo ya mto, nyuma ya barabara kuu, au kwenye bonde la mafuriko ambalo halitajengwa kamwe.

Njia ya 5: kuchimba kisima na kuacha mistari ilivyo

Cheti cha shirika kinawazuia wauzaji wengine wa maji. Hakikuzuii kuchimba kisima kwa matumizi yako mwenyewe.

*Sharti.* Kwenye maeneo yenye wilaya ya kuhifadhi maji ya ardhini, kisima cha nyumbani au cha mifugo kwenye ardhi inayozidi ekari 10, kisichoweza kutoa zaidi ya galoni 25,000 kwa siku, hakihitaji kibali kwa sheria ya jimbo. Chini ya ekari hizo, kila wilaya ina masharti yake. Walio Harris, Galveston na Fort Bend wawe macho zaidi: kuna wilaya maalumu za kuzuia ardhi kudidimia, ya Harris na Galveston tangu 1975 na ya Fort Bend tangu 1989, kwa sababu kuvuta maji ya chini kumeishusha ardhi ya ukanda huo. Mchimbaji awe na leseni ya jimbo.

*Muda na pesa.* Haraka kuliko njia zote. Bei inafuata kina, na kina kinafuata mwamba; waulize majirani wenye visima, ndio wanaojua.

*Upinzani.* Mara nyingi hakuna.

*Maji baadaye.* Yako, na matatizo yake ni yako: umeme ukikatika hakuna maji, na kuyapima ni juu yako. Tena kuna jambo linalowashtua wagawaji viwanja. Kwenye viwanja vipya vya majitaka ya tangi la nyumbani, kanuni za jimbo zinataka kwa kawaida angalau nusu ekari kama kuna maji ya bomba la umma, na ekari nzima kama kila kiwanja kina kisima. Ekari 30 za chama zinazoweza kutoa viwanja karibu 60 zinashuka hadi chini ya 30 ukishatoa barabara. Weka pia futi 100 kati ya kisima na eneo la kunyonyea majitaka, uone kama mchoro wako bado unakubali.

*Inamfaa* familia moja yenye ekari za kutosha. Haimfai anayegawa viwanja vidogo. Na kodi ya wilaya, kama ipo, inaendelea.

Mkopo wa serikali kuu: uliza mapema

Mashirika mengi ya maji vijijini yamekopa kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1961, kifungu kinachojulikana kama 1926(b), inalilinda eneo la mkopaji lisipunguzwe wakati deni bado lipo. Sheria ya Texas inaiambia PUC isikatae ombi la kuachiliwa kwa sababu tu shirika lina mkopo huo. Mgongano ukawa hauepukiki, na ukafika mahakama ya shirikisho.

Kwa muda mrefu Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilifuata uamuzi wa 1996, wa North Alamo, uliokuwa mtamu kwa mashirika: ukiwa na cheti, umeshahesabiwa umetoa huduma, hata kama huna bomba. Mwaka 2020, kwenye kesi ya shirika la maji la Green Valley na mji wa Schertz kaskazini mashariki mwa San Antonio, majaji wote wa mahakama hiyo waliubatilisha. Sasa shirika linapaswa kuonyesha mambo mawili: haki ya kisheria ya kuhudumia, na miundombinu ya kutosha ya kuhudumia eneo hilo ndani ya muda unaofaa baada ya kuombwa.

Kwa mwenye ardhi maana yake ni hii. Shirika lenye mkopo na lenye bomba nene karibu nawe bado linaweza kukuburuta mahakamani hata baada ya PUC kukuachilia. Shirika lenye mkopo lakini lisilo na kitu kwa maili kadhaa lina hoja dhaifu kuliko zamani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia ya 2 au ya 3, ulizia deni lipo kwa nani na mabomba yao yanaishia wapi.

Jambo jingine linalochanganywa na haya: sheria ya mwaka 2023 inayowaruhusu wenye ardhi kujitoa kwenye eneo la udhibiti la nje ya mji. Hiyo inahusu mamlaka ya mji juu ya ardhi yako, haigusi cheti cha maji wala kodi ya wilaya. Na angalia isije ikakuponza: ukijitoa kwa mji ambao ndio ulikuwa tegemeo lako la maji, mji unaweza kupoteza hamu.

Ukiwa nje ya Texas

Majina yanabadilika. Colorado mwenye ardhi anaiomba bodi ya wilaya imtoe, akikataliwa anaenda kwa makamishna wa kaunti kisha mahakamani, na ardhi iliyotoka inaendelea kubeba sehemu yake ya deni lililokuwepo siku ya kutoka, si madeni ya baadaye. California kazi hiyo hupita kwenye tume ya mipaka ya kila kaunti, LAFCO. Swali la deni liulize kokote uliko.

Chagua kwa hali yako

Una ekari chini ya 25 na unataka nyumba yako tu: anza na njia ya 1, pata bei kwa maandishi, ilinganishe na kisima. Kama mhudumu wa jirani yuko tayari na shirika lako halina kinyongo, mashirika mawili yanaweza kuandikiana mkataba wa kubadilishana eneo na PUC ikauidhinisha. Hakuna ekari za chini hapo. Wengi wenye viwanja vidogo hawajui hata kwamba mlango huo upo.

Mko chama, ekari 25 hadi 49, kaunti ya mji mkubwa au jirani yake: njia ya 2, lakini barua ya mhudumu mpya itangulie. Bila barua hiyo msimlipe wakili.

Ekari 50 na zaidi, mbali na miji: njia ya 3. Tuma ombi la huduma wiki hii kwa barua ya rejesta, kwa sababu siku 90 haziendi mpaka liwafikie.

Ekari 50 na zaidi, karibu na mji: mna njia mbili. Ya 2 ni nyepesi. Ya 3 ina faida kama mnatarajia kesi na mnataka kumbukumbu inayoonyesha shirika lilipewa nafasi likashindwa.

Unalipa kodi ya MUD kwa ardhi ambayo hutaijenga: njia ya 4, na haraka kama hatifungani hazijapigiwa kura. Tangazo la kura hiyo ndilo la kulivizia.

Hujanunua bado: mwambie wakala aandike kwenye mkataba kipindi cha kuchunguza maji, upate barua ya shirika lenye cheti ikisema bomba la karibu ni la inchi ngapi na lina wateja wangapi. Muuzaji akikataa kukupa muda huo, ardhi Texas bado ipo nyingi.